Ahadi, Si Amri: Mapitio ya Istilahi za Toleo la 3 la CFEngine

Rasimu ya orodha ya istilahi iliyoletwa mezani kwetu ili ipitiwe kabla ya kutumika kufundishia si kubwa. Ina kurasa 12 tu, na waandishi wake ni walimu wa chuo kimoja cha ufundi, watu wenye nia njema na wanaoijua kazi yao. Inahusu CFEngine, programu huria ya kusimamia usanidi wa kompyuta, nayo yakusudia kuwasaidia vijana wanaojifunza toleo la 3 la programu hiyo. Mwandishi wa makala haya ndiye aliyekabidhiwa kuipitia. Kwa kawaida mapitio ya namna hii huishia ndani ya jalada, na alama za kalamu nyekundu pembeni mwa ukurasa. Nimeona heri niyalete hadharani kwa sababu makosa ya rasimu hiyo si ya maneno mawili matatu yaliyokaa ovyo. Ni kosa moja lililozaa mengine, na kizazi hicho, kwa sehemu, kilianzia mezani kwangu mimi mwenyewe.

Yafaa kwanza kuieleza kazi yenyewe, kwa ajili ya msomaji asiyekuwa fundi. Ofisi yenye kompyuta 3 haina haja ya programu ya namna hii: fundi huzizunguka moja moja akazirekebisha. Lakini mahali penye kompyuta 300, au 3,000, fundi hawezi kuzizunguka, na hata kama angeweza, kabla hajaifikia ya mwisho ile ya kwanza ingekwisha kupotoka. Mtu amebadili ruhusa za faili, huduma imezimika, diski imejaa, programu imeondolewa. Basi huandikwa, mara moja tu, maelezo ya jinsi kompyuta zinavyotakiwa ziwe. Ndani ya kila kompyuta hukaa programu ndogo inayoyasoma maelezo hayo, ikajikagua, kwa kawaida kila baada ya dakika 5, na kujirekebisha inapojiona imekwenda upande. Huko ndiko kusimamia usanidi. Neno usanidi lenyewe lilikwisha kuzoeleka kwa mafundi wetu, na sina ugomvi nalo.

CFEngine ni mzee katika ukoo huu. Mark Burgess aliianza mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, ambako alikuwa mtafiti wa fizikia, apate kuzitunza kompyuta za Unix za idara yake, zilizotoka kwa watengenezaji mbalimbali na kila moja ikiwa na desturi zake. Toleo la 2 lilitoka mwaka 2002. Mwaka 2004 Burgess alianza kuieleza nadharia aliyoiita nadharia ya ahadi, na toleo la 3, lililotokea mwaka 2008, liliandikwa upya juu ya msingi huo. Wadogo zake, yaani Puppet ya mwaka 2005, Chef ya 2009 na Ansible ya 2012, wana misamiati yao. Ule wa Chef, uliojaa visu na mapishi, unastahili makala yake peke yake, tena pengine ya kuchekesha.

Jambo la kushika hapa ni kwamba toleo la 3 halikuwa toleo la 2 lililotiwa viraka. Sera zilizoandikwa kwa lugha ya toleo la 2 hazikusomeka kwa toleo la 3, na wenye nazo ilibidi waziandike upya. Hata mtu aliyelijua toleo la 2 kwa miaka mingi alirudi kuwa mwanafunzi. Katika toleo la 2 sera iligawanywa kwa vitendo: pana sehemu ya kunakili, sehemu ya kufuta vilivyochakaa, sehemu ya kuhariri faili, sehemu ya kuunganisha, na mahali maalumu pa kupanga kitendo gani kitangulie kipi. Si kwamba toleo hilo halikujali hali ya mwisho ya kompyuta, lilijali. Ila sura yake ilikuwa ya vitendo, na fundi aliyelelewa nalo alizoea kuwaza kwa vitendo. Katika toleo la 3 kila kitu ni ahadi. Kunakili, kuhariri, kufuta na kuunganisha vyote vimemezwa ndani ya ahadi za aina moja, ahadi za faili. Haiandikwi kwamba faili fulani linakiliwe, kisha libadilishwe mmiliki. Huandikwa kwamba faili hilo laahidi kuwako, laahidi kuwa na yaliyomo haya, laahidi kuwa na mmiliki huyu. Nani atafanya nini ili ahadi hiyo itimie ni kazi ya programu.

Sasa tazama rasimu yetu. Neno la kwanza kabisa katika orodha, lile la Kiingereza “promise”, limefasiriwa amri, na maelezo yake ni “amri inayopewa kompyuta ili itekeleze jambo”. Walimu hawakufanya hivyo kwa kutojua Kiingereza. Nilipowauliza walinijibu waziwazi kwamba ahadi ni neno la watu, halifai mashine, mashine huamrishwa. Mmoja wao, mwalimu mtu mzima aliyeanzia toleo la 2, aliongeza kwamba vijana wakiambiwa faili limeahidi watacheka darasani. Labda watacheka. Lakini hata Kiingereza hakina desturi ya kusema kwamba faili limeahidi, na wanafunzi wa Oslo na wa Chicago nao yumkini walicheka siku ya kwanza. Burgess aliliteua neno hilo la watu kwa makusudi, kwa kuwa alitaka kuachana na amri. Mfasiri akirudisha amri mahali pale pale ilipoondolewa huwa amekitafsiri kitabu cha zamani chini ya jalada la kitabu kipya.

Na tofauti hii si ya wanafalsafa. Katika nadharia ya ahadi kila kilichomo katika mfumo kinajitegemea, na kinaweza kuahidi juu ya mwenendo wake chenyewe tu. Hakiwezi kuahidi kwa niaba ya kingine, wala kukilazimisha. Ndiyo sababu katika CFEngine seva haizisukumii kompyuta nyingine sera. Seva huahidi kuiacha sera isomwe, na kila kompyuta, kwa upande wake, huahidi kuja kuichukua. Ili faili moja litoke huku lifike kule pahitajika ahadi mbili, moja ya mtoaji na moja ya mpokeaji. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba ni amri ataandika ya upande mmoja, kisha atakaa siku nzima akishangaa kwa nini seva “imeamuru” na kompyuta “haikutii”. Mwalimu yule mtu mzima alikiri kwamba swali hilo huulizwa kila mwaka. Alidhani ni uvivu wa kusoma.

Palikuwa na wenzangu mezani waliopendekeza agano, kwa kuwa lina uzito. Uzito ndio unaolikosesha. Agano lahitaji pande mbili zilizokubaliana, ilhali ahadi ya nadharia hii ni tamko la upande mmoja. Anayeahidiwa hajafungwa na lolote mpaka naye atoe ahadi yake. Nadhiri ni ya kidini mno, na miadi ni ya saa na mahali. Imebaki ahadi, nayo ina kasoro yake. Mswahili husema ahadi ni deni, na papo hapo neno huingia wajibu, ambao nadharia hii haiutaki. Burgess aliitoa nadharia yake kuwa mbadala wa zile zilizojengwa juu ya wajibu. Kwake ahadi huweza isitimie, na kutotimia kwake ni habari ya kutolewa taarifa, si kosa la kuadhibiwa. Nadhani kasoro hii yavumilika. Mwalimu aweza kuimaliza kwa sentensi moja ubaoni, na methali yenyewe itamsaidia kuonyesha tofauti. Kasoro ya amri haimalizwi kwa sentensi moja, kwa sababu inafundisha kinyume.

Nilisema kizazi cha kosa hili kilianzia kwangu. Yapata miaka miwili iliyopita mwalimu mmoja wa chuo hicho alinipigia simu akitaka maneno ya harakaharaka kwa ajili ya somo la kesho yake. Aliuliza maneno kama 20, nami nikayajibu nikiwa nimesimama, bila kuomba kuona hata ukurasa mmoja wa sera. Amri ilitoka kinywani mwangu. Na si amri tu. Aliniuliza pia namna ya kulitaja neno maalumu la programu linaloandikwa Hr08, ambalo huwa kweli katika saa fulani ya siku na si kweli katika saa nyingine. Nikasema, “Saa nane, Mwalimu.” Maandishi ya somo yakachapwa hivyo.

Msomaji amekwisha kuliona tatizo. Hr08 ni saa ya kizungu, inayohesabiwa kuanzia usiku wa manane, na kwetu ni saa mbili asubuhi. Kijana mmoja aliyekwisha kuajiriwa alitaka huduma fulani ya ofisi izimwe na kuwashwa upya saa nane usiku, watu wakiwa wamelala. Akayatazama maandishi yake ya darasani, akaandika Hr08. Huduma ikazimwa na kuwashwa saa mbili asubuhi, wafanyakazi wakiwa ndio kwanza wameketi. Na kwa kuwa Hr08 ni kweli kwa saa nzima, na programu hupita kila dakika 5, ilizimwa na kuwashwa mara 12 mpaka ilipokaribia saa tatu. Angalitaka mara moja tu angaliongezea neno la dakika, mathalani Min00_05. Kijana hakufukuzwa, lakini alipewa barua.

Katika mkasa huo mdogo makosa mawili yalishikana mikono. La kwanza ni la saa, na ni langu peke yangu. La pili ni la amri. Kijana alifundishwa kwamba kila kitu katika programu ni amri, kwa hiyo aliandika amri: zima, washa. Toleo la 3 lina ahadi za namna hiyo, zinazoendesha amri ya mfumo, lakini ni za kutumiwa pale ambapo hapana njia nyingine, kwa kuwa amri hairejei ikatazama kama kazi imekwisha kufanyika. Angaliandika ahadi ya kwamba huduma iwe inafanya kazi, basi programu ingaliitazama, ikaikuta inafanya kazi, ikapita zake, hata mara 12 na hata mara 1,200, bila mtu yeyote kuhisi. Sijui njia bora zaidi ya kuonyesha kwamba istilahi si pambo la ukurasa.

Kuhusu saa, pendekezo langu kwa rasimu ni kwamba maneno haya yasifasiriwe kabisa kwa tarakimu za Kiswahili pekee. Yaandikwe yalivyo, na pembeni paandikwe kwa maneno: Hr08, saa mbili asubuhi, Hr14, saa nane mchana, Hr02, saa nane usiku. Kisha mwanafunzi aelezwe kwamba hiyo ni saa ya mahali kompyuta ilipo, na kwamba saa za Greenwich zina maneno yao yanayoanza na GMT. Jedwali la mistari 24 halitamchosha mtu.

Nirudi kwenye orodha. Neno “agent” limefasiriwa wakala. Hapa waandishi walifuata mazoea, maana wakala tunao kila kona, wa fedha za simu, wa bima, wa meli. Lakini wakala ni nani? Ni mtu atendaye kwa niaba ya mwingine. Tumekwisha kuona kwamba katika nadharia hii hakuna atendaye kwa niaba ya mwingine. Hiyo ndiyo nguzo yake. Basi wakala ni neno linalokanusha kile linachokitaja. Palipendekezwa mtendaji, na mwanzoni nililipenda, mpaka mwenzangu mmoja aliyetoka kijijini wiki ile aliponikumbusha kwamba mtendaji, kwa mwananchi wa kawaida, ni mtendaji wa kata, na kazi yake kubwa machoni pa watu ni kutoa amri. Tungetoka shimo moja tukaingia jingine.

Suala hili likafungua lingine lililo gumu zaidi, la ngeli. Anayeahidi aitweje? Kwa kanuni za kawaida kutokana na kitenzi ahidi tunapata mwahidi, na anayeahidiwa ni mwahidiwa. Ni maneno mazuri yasiyo na dosari ya kisarufi. Ila katika CFEngine aghalabu kinachoahidi ni faili, au huduma, au programu iliyosakinishwa, na sentensi zetu zikianza kusema “mwahidi huyu amefutwa” tutakuwa tumemfanya mtu kitu ambacho si mtu, na mwanafunzi hatajua kama kilichofutwa ni faili au ni akaunti ya mfanyakazi. Na akaunti nazo zimo humo humo. Toleo la 3 lina ahadi za watumiaji. Kwa hiyo napendekeza ngeli ya ki-/vi-: kiahidi na kiahidiwa, na kwa “agent” kitendaji. Kiambishi ki- kimekwisha kutuzalia kisomeo, kinasa sauti, kipaza sauti. Hakitashindwa na hiki. Mtu aweza kulalamika kwamba kiahidi halisikiki vizuri. Kinasa nacho hakikusikika vizuri kilipozaliwa, na leo hakuna anayekisikia.

Pengine wengine wataniuliza kwa nini nikubali ahadi, neno la watu, halafu nikatae ngeli ya watu. Jibu ni kwamba ahadi ni mfano, na mfano wahitaji mahali pa kukomea. Ngeli ya ki- ndiyo inayomkumbusha mwanafunzi kila sentensi kwamba hapa tunazungumza kwa mfano.

Baada ya kila mzunguko kitendaji hutoa hukumu juu ya kila ahadi, nayo ni moja kati ya tatu. Ama ahadi ilikutwa imetimia, ama haikuwa imetimia ikarekebishwa, ama haikutimia na haikuweza kurekebishwa. Rasimu imesema: imetekelezwa, imetengenezwa, imekataliwa. Ya kwanza ni zao la amri, maana amri ndiyo hutekelezwa, na ahadi hutimizwa. Ya tatu ni mbaya zaidi: hakuna aliyekataa kitu; pengine diski imejaa tu. Ya pili ndiyo iliyonipotezea muda mrefu. Kiingereza husema ahadi “imerekebishwa”, lakini ukitazama sana, kilichorekebishwa si ahadi. Ahadi ilikuwa vile vile tangu ilipoandikwa. Kilichokuwa kimepotoka ni kompyuta. Kwa hiyo nimependekeza: imekutwa imetimia, imetimizwa kwa marekebisho, haikutimia. Ni ndefu kuliko za rasimu. Nimejaribu kuzifupisha na kila mara nimepoteza maana, hivyo nimeziacha ndefu. Mwalimu aongezee kwamba amri ya mfumo inapoendeshwa na kumalizika salama, programu huihesabu, isipoelezwa vingine, katika kundi la pili, kwa kuwa haina njia ya kujua kama palikuwa na haja ya kuiendesha. Kijana wetu wa saa mbili asubuhi angeona katika taarifa zake ahadi iliyotimizwa kwa marekebisho mara 12, na angeshtuka mapema, kama taarifa hiyo ingekuwa katika lugha inayoshtua. Yake ilisema “imetengenezwa”, akafurahi.

Dhana iliyo moyoni mwa programu hii yote, tangu toleo la kwanza, ni ile inayoitwa kwa Kiingereza “convergence”. Rasimu imeifasiri mkutaniko, neno lililochukuliwa kutoka kwenye jiografia, mahali pepo mbili zinapokutana. Hapa hakuna viwili vinavyokutana. Pana kitu kimoja kinachosogezwa kuelekea hali yake, hatua kwa hatua, na kikishafika, kukisogeza tena hakubadili neno. Mwaka juzi, katika simu ile ile, mimi nilitoa mlingano, jambo ambalo mwalimu yeyote wa hisabati angenikemea kwa kuwa linagongana na mlinganyo. Rasimu ilifanya vyema kulikataa.

Nimelitafuta neno hili mahali pengi. Mzee mmoja, nahodha wa jahazi, niliyezungumza naye juu ya jambo hili bila kutaja kompyuta hata mara moja, alinieleza kwamba mshika usukani hashiki njia, huirudia. Chombo hupotoka kila wimbi, naye hukirudisha kidogo kidogo. Na chombo kikiwa njiani, mkono wake hutulia. Alisema, “Ukiona mkono wa mshika usukani haupumziki, ama bahari mbaya ama mtu mbaya.” Hilo ndilo jambo lenyewe. Sera nzuri ni ile ambayo baada ya mizunguko michache kitendaji kinakosa la kufanya; na sera ambayo ahadi zake zinarekebishwa kila dakika 5 daima, ama mtu anazivuruga ama ahadi mbili zinapingana, hii ikivuta huku na ile kule. Kutokana na kutulia nimependekeza mtulio. Sera hutulia, hali hutulia, na ahadi mbili zinazopingana hazina mtulio. Mezani tulilijaribu neno hilo katika sentensi kama 10 na halikutuangusha, ila wako wanaoona urejeo ni bora. Urejeo waniletea picha ya kurudi tu, hata bila kufika.

Neno “class” limewasumbua wengi kabla ya walimu hawa. Wameliandika darasa, na pembeni, kwa wasiwasi, tabaka. Katika lugha nyingine za programu neno hilo lina maana ya aina ya vitu, na huko ubishi ni mwingine. Katika CFEngine maana yake si aina ya kitu. Ni jambo ambalo kwa wakati huu, kwa kompyuta hii, ama ni kweli ama si kweli: hii ni Linux, leo ni Jumatatu, sasa ni Hr08. Huandikwa mbele ya ahadi ili kusema ahadi hizi zahusu pale tu ambapo mambo ni hivyo, na huunganishwa kwa na, kwa au, na kwa si. Wasomi wa lugha wana neno la jambo hilo tangu zamani, nalo ni muktadha. Muktadha wa Linux, muktadha wa Jumatatu, si muktadha wa Jumatatu. Nashangaa kwamba nilipitia kurasa 9 za rasimu kabla halijanijia, ilhali nalitumia kila siku kwa kazi nyingine.

Sina budi kusifu palipostahili sifa. “Policy” ni sera, na libaki sera. “Bundle”, yaani mkusanyo wa ahadi uliopewa jina moja, rasimu imeliita tita, kama tita la kuni. Mimi ningeliandika kifurushi bila kufikiri, na ningekosea, kwa kuwa kifurushi kimekwisha kuchukuliwa na programu zinazosakinishwa, ambazo zina ahadi zao humo humo. Tita lina kamba, lina jina la mwenyewe, lahamishika zima, na vilivyomo ndani yake vyaonekana. Nimeambiwa aliyelitoa ni mwalimu kijana kuliko wote. Naomba kamati isilibadili hata herufi.

Pamoja na tita lakini pana maelezo yaliyopotea. Rasimu inasema ahadi zilizomo ndani ya tita ni “hatua zinazofuatana kuanzia ya juu”. Hayo ndiyo mabaki ya toleo la 2, ambako mwandishi wa sera alipanga mfuatano wa aina za vitendo kwa mkono wake. Katika toleo la 3 mfuatano wa aina za ahadi ndani ya tita umekwisha kupangwa na programu: vigeu na muktadha hutangulia, taarifa huja mwisho, vyovyote vile mwandishi alivyoviweka ukurasani, na tita zima hupitiwa mpaka mara 3, ili ahadi iliyotegemea nyingine ipate nafasi ya pili na ya tatu. Kuita hatua kitu ambacho hakifuati mpangilio wa ukurasa ni kumtega mwanafunzi. Neno hatua liondolewe kila linapotokea.

Wapo, na si wachache, wasemao kwamba shida yote hii ingeepukwa kwa kuyaacha maneno haya katika Kiingereza. Hoja yao si ya kudharauliwa, na kwa sehemu tunaifuata: maneno maalumu yanayoandikwa ndani ya sera hayabadilishwi, kwa kuwa programu haijui mengine. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotupatia Jambo OpenOffice katikati ya miaka ya 2000, ulifasiri menyu na ujumbe, mambo anayoyaona mtumiaji. Hapa twazungumzia kitu kingine, maneno ambayo mwalimu huyasema kwa kinywa chake akieleza kwa nini. Na kwa kinywa chake mwalimu alikuwa akisema amri hata pale ubao ulipokuwa na neno la Kiingereza. Kuliacha “promise” ubaoni hakukumzuia kijana kuelewa amri. Ufafanuzi wa Kiswahili huwako kila mara. Kinachobaki ni kama umepitiwa na mtu au haujapitiwa.

Neno moja nimeshindwa nalo. Ni “body”. Katika toleo la 3 ni fungu la sifa lililopewa jina lake, likawekwa kando, ili ahadi nyingi ziweze kulitaja badala ya kuyarudia maelezo yale yale: mathalani ruhusa na mmiliki wa faili, vikaandikwa mara moja na kutumiwa mahali 50. Rasimu imesema mwili, na mwili haufai, kwa kuwa mwili ni mmoja kwa mwenyewe, na hiki ni cha kuazimana. Nimejaribu kiini, kiolezo, na fafanuo. Kiolezo karibu kifae, lakini mafundi wamekwisha kukitumia kwa faili lenye nafasi za kujazwa. Fundi cherehani mmoja wa mtaani kwetu aliniambia kwamba vipimo vya wateja wanaovaa sawa huviandika mara moja katika daftari, na kila nguo inayoshonwa hutajiwa ukurasa wake. Nilipomwuliza ukurasa huo huitwaje, alisema huitwa kwa jina la mtu wa kwanza aliyepimwa. Msomaji mwenye neno la ushonaji, useremala au uundaji wa vyombo kwa jambo la namna hiyo aliandikie dawati la istilahi kabla rasimu haijarudishwa chuoni. Kwa sasa nafasi yake katika ukurasa wa 4 nimeiacha wazi.